Gari Nililolinyamazisha

Msinicheke. Najua mkiniona nimesimama kando ya Naivasha Road, mkono shavuni, nikilitazama basi la umeme linapita bila mlio wowote, mnaambiana, "Angalia mathe, ameona maajabu." Si basi ninalolitazama. Natazama dashibodi. Kila gari linalopita karibu nami huwa nachungulia mbele ya dereva nione taa gani inawaka, na kama kuna kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa juu yake. Nikikiona, mpaka leo nyumbani nashindwa kumaliza chakula.

Mimi ni Mama Kui, fundi wa umeme wa magari. Nilikuwa, yaani, maana nimestaafu. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, kwanza Kirinyaga Road kule mjini, kisha kwenye kibanda changu cha mabati hapa Riruta. Nimefufua magari ambayo wenyewe walishayaaga. Nimezima ving'ora vilivyokuwa vimewakosesha watu wa ploti nzima amani. Na kuna gari moja nililolinyamazisha ambalo halikustahili kunyamazishwa, na kwa ajili hiyo nusura nimuue mwalimu wa hesabu wa Kinoo. Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, wenye simu zinazosoma makosa ya injini kabla hamjafungua boneti. Nawapenda, lakini mnajibu haraka mno. Naijua tabia hiyo kwa sababu ilikuwa yangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Harbans, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye testa yake ya stima ilikaa imechomekwa kwenye kilemba. Hakuniajiri kwa ujuzi, sikuwa nao. Aliniajiri kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo, inaingia nyuma ya dashibodi bila kung'oa kiti. Wanaume wa barabara ile walicheka wiki nzima. Mzee Harbans aliwaacha wacheke, akanipa koleo na tepu.

Alinifundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo yanayohusu habari hii. La kwanza ni kukata pembe. Kila kipande cha tepu nilichobandika, nilikikata pembe moja kwa mkasi, kidogo tu, upande wa kushoto juu. "Gari ikirudi na makosa," alisema, "utajua ni makosa yako ama ni ya mtu mwingine. Hakuna kubishana na mteja." Nilikuja kuzoea hivyo kiasi kwamba hata zawadi za Krismasi nilizifunga kwa tepu iliyokatwa pembe.

La pili lilinishinda. Mteja akiuliza kitu usichokijua, mwambie hujui, kisha nenda ukatafute. Mzee Harbans alisema "sijui" mara kumi kwa siku, kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu walimwamini zaidi. Lakini yeye alikuwa mwanamume, tena mwenye gereji. Mimi mwanamke pale Kirinyaga Road nikisema sijui, ilikuwa ni kuwapa wale waliocheka sababu ya kuendelea. Kwa hiyo nilijizoeza kuwa na jibu. Mteja hajafunga mdomo, mimi nimeshajibu. Mara nyingi nilikuwa sahihi, na zile mara nyingine hakuna aliyerudi kunihoji.

Nilipofungua kibanda changu Riruta, magari kutoka Japani yalikuwa yameshajaa, nayo yanaongea. Ile sauti ya mama wa Kijapani anayelalamika kila asubuhi kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, mnaijua nyote. Wateja wengine waliipenda. Walishusha kioo makusudi wakiwasha gari, ili majirani wasikie kwamba limetoka melini juzi. Wengine walichoka baada ya wiki, wakanijia niizime. Ikawa kazi yangu kubwa kuliko zote. Nilitoa spika au nilikata waya wake, na zile spika ndogo nikawa naziweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya rafu. Siku za jua kali mabati yakijinyoosha, mkebe ule ulikuwa ukitoa mlio, tik, tik, na mteja mmoja alikataa kabisa kukaa chini yake. Alisema hawezi kukaa mahali palipohifadhiwa sauti za watu. Nilimcheka.

Magari yale yalikuwa na mambo. Kuna gari lililokuja na kiti cha mgonjwa, kile kinachozunguka chenyewe, kinatoka mlangoni, kisha kinamshusha mtu taratibu mpaka chini. Alilinunua mwenye ploti mmoja tajiri bila kujua. Siku moja ya mvua alikuwa amekaa ndani, dirisha wazi kidogo, akiwafokea wapangaji wake, na kiti kikamgeuza, kikamtoa nje, kikamweka kwenye matope mbele yao akiwa bado ananyoosha kidole. Nilipokichunguza kiti kile sikuona hitilafu. Waya zote nzima, swichi nzima. Nilimwambia ni unyevu. Jibu lilikuwa tayari, kama kawaida.

Halafu zile ramani. Unakaa ndani ya gari hapa Riruta, skrini inakuonyesha uko kando ya mto huko Japani, daraja liko mbele. Antena ikiwa imekatwa, kile chombo hakijui kimehamishwa. Kinahesabu tu magurudumu na kona. Ukikata kona kuelekea Kawangware, kamshale nako kanakata kona kule. Nilikuwa najaribu gari moja mchana, nikakaona kamshale kanaingia baharini, na mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe. Nyuma yangu watu wakapiga honi. Nilibaki pale nikijiuliza ni barabara gani hasa niliyokuwa nikiendesha.

Nasema haya ili mjue kwamba Mwalimu Karanja aliponijia, nilikuwa nimeshazoea mambo ya ajabu. Mazoea ndiyo yaliyoniharibu.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja mjini, mtu wa suti ya kahawia na chaki mfukoni, mkazi wa Kinoo. Gari lake lilikuwa jipya kwake, dogo, la rangi ya maziwa, lenye kompyuta nyingi kuliko nilivyozoea. Aliegesha, akazima, akabaki ameshika usukani.

"Mama Kui, hii gari inaniongelesha."

"Zote zinaongea, Mwalimu."

"Hapana. Hii inangoja niwe peke yangu." Alitazama kiti cha pembeni kana kwamba kuna mtu. "Nikiwa na Mama Ciru, iko kimya. Nikibeba walimu wenzangu, kimya. Nikitoka kazi pekee yangu, nikishapita Kangemi, nikikaribia Uthiru, inasema kitu. Sentensi moja. Halafu inanyamaza."

Mama Ciru, mkewe, alikuwa ameacha kabisa kulipanda. Mchungaji wao alikuja kuliombea, akalipaka mafuta mpaka kwenye dashibodi, na mafuta yakaingia kwenye swichi ya madirisha. Tangu siku ile dirisha la nyuma likawa linajishusha lenyewe, na habari zikaenea kanisani kwamba kilichomo humo kimekasirika. Hilo la dirisha nililimaliza kwa kitambaa na spiriti, dakika kumi. Sauti haikunisumbua, nilikuwa na mkebe wangu. Lakini nilitaka kuisikia kwanza.

Nilipanda naye siku tatu mfululizo, kutoka mjini mpaka Kinoo, tukipiga gumzo. Gari kimya. Nikalichukua mwenyewe, nikaendesha njia ileile peke yangu. Kimya. Nitasema ukweli, niliporudi nililifunga mlango taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mtu.

Siku ya tano nikamwambia afanye kana kwamba simo. Nililala kiti cha nyuma, nikajifunika koti langu la kazi, tukatoka mjini saa tisa na nusu alasiri. Hakuwasha redio. Jua lilikuwa likiingia upande wa dereva. Tulipita Westlands, tukapita Kangemi, na nilikuwa nasikia tu magurudumu na pumzi za Mwalimu. Kisha gari likayumba, kidogo sana, kama linalokwepa shimo. Likayumba tena. Halafu ikaja ile sauti.

Ilikuwa ya mwanamke. Ilianza na "soro soro," kisha maneno mengine matatu au manne yaliyopanda mwishoni kama swali. Haikuwa kama yule mama wa kadi anayelalamika. Ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayemwamsha mgeni kanisani bila kutaka kumwaibisha. Nilipoinuka nikamwona Mwalimu anajinyoosha, anakaza mikono kwenye usukani. Kwenye dashibodi mbele yake kulikuwa kumewaka alama ndogo ya njano, picha ya kikombe kinachotoa mvuke.

"Umesikia?" Alikuwa akinitazama kwenye kioo. "Inasema nini, Mama Kui?"

Hapo ndipo, wanangu. Hapo ndipo pa kusema neno moja dogo alilonifundisha Mzee Harbans.

"Inakukaribisha tu, Mwalimu," nikasema. "Hizi gari za Japani zina adabu sana."

"Na hiyo kikombe?"

"Inataka chai."

Tulicheka. Tulicheka wote wawili, tukapita Uthiru tukicheka, na kikombe kikiwa kinawaka mbele yetu.

Kesho yake nilifanya kazi safi, na nasema safi kwa sababu ilikuwa hivyo. Nilitoa waya wa betri kwanza, nikangoja robo saa nzima. Nyinyi pia mngoje, msije mkapasuliwa uso na mfuko wa hewa ulioko kwenye usukani. Nilifungua chini ya dashibodi, nikafuata waya wa sauti mpaka mwisho, nikaikuta spika. Ilikuwa moja tu, ndogo, upana wa kifuniko cha chupa ya maji, na ndiyo pekee iliyotumiwa na kompyuta ile. Redio ilikuwa na zake milangoni, mbali kabisa, na hazikuungana. Nililihakikisha hilo kwa mita. Nikaikata spika, nikaitoa, nikaitupa ndani ya mkebe. Kikombe sikuweza kukizima bila kuharibu vitu vingine, kwa hiyo nikafanya tunavyofanya sote. Nilikata kipande cha tepu nyeusi kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, nikakata pembe ya kushoto juu, nikakibandika. Mwalimu alinishukuru sana. Jumapili ile Mama Ciru alipanda gari kwenda kanisani, na waumini walishuhudia kwamba maombi yamejibiwa.

Miezi ikapita. Sikuwahi kuwafikiria tena.

Kisha akaja mteja mwingine, Akinyi, nesi katika hospitali moja ya Upper Hill. Mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayekwita "dada" kabla hajakuuliza jina. Gari lake lilikuwa ndugu ya lile la Mwalimu, umri mmoja, aina moja, na paneli ya dashibodi ilikuwa imekufa kabisa. Nikamwambia mpya ni ghali, ngoja nitafute iliyotumika. Nikashuka mjini, Kirinyaga Road, kwa muuzaji wa vipuri vya magari yaliyogongwa. Alinitolea paneli imefungwa kwa gazeti. Sikuifungua pale, na hilo nalo ni kosa. Daima fungueni mbele ya muuzaji.

Niliifungua kibandani, Akinyi akiwa amekaa kwenye stuli akinywa soda. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua jeupe mlangoni. Upande wa kulia wa paneli, juu ya mahali pa taa za onyo, kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi. Pembe ya kushoto juu ilikuwa imekatwa.

Nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati palikuwa na tairi.

"Dada, uko sawa?"

Niliwaza pengine kuna fundi mwingine anayekata pembe. Lakini Mzee Harbans alikuwa ameshafariki, na hakuwa amefundisha mwingine, na ule mkato wenye kupinda kidogo ulitoka kwenye mkasi wangu wenye pengo, ambao ulikuwa pale mezani. Paneli hufika Kirinyaga Road kwa njia moja tu. Gari linagongwa, linakatwakatwa, linauzwa vipande vipande. Nilikuwa nimeshika uso wa gari la Mwalimu Karanja, na sikujua yeye yuko wapi.

Mikono ilifanya kazi kwa mazoea. Nikaiunga paneli kwenye betri ya kujaribia. Taa zote ziliwaka pamoja, kama zinavyowaka zikijikagua, kisha zikazimika moja baada ya nyingine. Ilibaki moja. Niliona njano ikivuja kwenye kingo za tepu. Nikaibandua kwa ukucha.

Kikombe kilikuwa kinawaka. Pale mezani, bila usukani, bila magurudumu, bila dereva.

"Ah, hiyo naijua," Akinyi alisema, akinyoosha shingo. "Yangu ilikuwa inafanya hivyo nikitoka shifti ndefu. Hiyo gari inapima vile unashika usukani. Ikiona mikono inalegea, gari inayumba-yumba, inajua unasinzia. Inakuwekea kikombe, halafu inakuambia upumzike. Yangu niliwekewa Kizungu, ndio nikaelewa. Ya Kijapani inasema hivyohivyo, ati, huoni ni wakati wa kupumzika kidogo?"

"Kwa sauti ya upole," nikasema.

"Upole kabisa. Mbona unalia?"

Nikamweleza yote. Mtu anayesikia sauti akiwa peke yake tu. Jua, alasiri, gari linayumba. Akinyi aliweka soda chini. Akaniuliza kama mtu huyo ni mnene shingoni, kama anakoroma. Nikasema tai humkaza shingoni, mambo ya kukoroma sijui. Akasema wako watu ambao pumzi zao hukatika usingizini usiku kucha bila wao kujua, na mchana wakikosa mtu wa kuongea naye wanazama tu. Watu kama hao hutibiwa, wakijulikana mapema.

Niling'oa waya kwenye betri. Kikombe kilichukua muda kuzimika.

Nilichukua spika kwenye mkebe. Niliijua kwa mkato wa waya, mmoja mwekundu na mmoja wa kijivu. Nikaiweka kwenye mkoba, nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda Kinoo. Sikuwa na namba ya simu yake, nilikuwa na maelekezo tu, nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mjane. Sioni aibu kuwaambia kwamba nilifikiria pia kushuka na kurudi nyumbani. Hakuna aliyejua kuhusu tepu ile isipokuwa mimi na mtu ambaye huenda alikuwa chini ya udongo.

Mama Ciru ndiye aliyefungua geti. Nilimtazama nguo, nikatafuta kitambaa cheusi, sikukiona.

"Mama Kui! Karibu. Mwalimu atafurahi, amekuwa akikutaja."

Mwalimu alikuwa hai. Nikashika geti. Nilimkuta kibarazani, amepungua, fremu ya kutembelea imesimama karibu na kiti. Nyonga ilivunjika, akasema, na mbavu, lakini zinaunga. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia.

"Nilitaka kukushukuru, na sikuweza kuja," alisema. "Ulinidanganya, Mama Kui, lakini ulinidanganya vizuri. Uliniambia umeizima ile sauti."

Nilikaa kando yake.

"Nilikuwa natoka kazi. Hapo tu kwa kivuko cha watoto, karibu na shule. Nilikuwa nimeenda, Mama Kui. Sio kusinzia, nilikuwa nimeenda kabisa. Halafu ikasema. Maneno yaleyale, soro soro, lakini wakati huu kwa nguvu, hapa, kwenye sikio." Aligusa sikio la kulia. "Nikafungua macho na kulikuwa na watoto barabarani. Sweta za kijani. Wengi. Nilikata kona nikaingia kwa ukuta. Hakuna mtoto aliguswa, hata mmoja. Ungekuwa umeizima kweli..."

Mama Ciru alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. "Daktari ameshampima usingizi," alisema. "Amepewa mashine ya kulala nayo. Tumwambie Mungu asante, na wewe pia asante. Mimi ndio nilisumbua ati izimwe. Namshukuru Mungu hukunisikia."

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Wanangu, nataka mjue jinsi ilivyokuwa rahisi. Chai ilikuwa imeletwa. Walikuwa wananipenda. Nilikuwa na jibu tayari, kama siku zote, na safari hii hata sikuhitaji kulisema, nilihitaji tu kunywa chai.

Nikafungua mkoba, nikaiweka spika juu ya meza, katikati ya vikombe. Waya zake mbili zilizokatwa zilikuwa zimesimama juu.

"Niliizima, Mwalimu," nikasema. "Hii hapa. Imekuwa kwa mkebe kwangu tangu siku ile. Na kile kikombe nilikifunika kwa tepu. Uliniuliza inasema nini, nikakwambia inakukaribisha. Sikuwa najua. Ilikuwa inakwambia upumzike. Ilikuwa inakuamsha, na mimi nikaizima."

Mwalimu aliichukua spika, akaigeuza, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Nilimwona akifanya hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yake, akijaribu namba moja na nyingine na kuona hakuna inayotoshea.

"Hapakuwa na spika ingine?"

"Hapakuwa. Nilipima."

"Redio?"

"Ya redio haiungani na hiyo. Nilipima."

Mama Ciru alinyoosha mkono, akaisogeza sinia ya chai mbali na kitu kile, taratibu.

"Basi," Mwalimu akasema, sauti yake imekuwa ndogo, "siku ile ni nani aliniongelesha?"

Majibu yalikuja, na yalikuja kwa foleni. Ndoto. Kumbukumbu ya sauti aliyoizoea. Breki za lori. Malaika, kama ningetaka kumfurahisha Mama Ciru. Yote yangekubalika, na lolote kati ya hayo ningelisema kwa sauti ya fundi. Nilimwona Mzee Harbans na testa yake kwenye kilemba.

"Sijui, Mwalimu."

Akaiweka spika kwenye mfuko wa shati, pale anapoweka chaki, akavuta kikombe chake.

"Sasa ndio nakuamini," akasema. "Kunywa chai."

Nilifunga kibanda mwisho wa mwezi ule. Spika za mkebe nilizirudisha kwa wenyewe, moja baada ya nyingine, kwa wale niliowapata. Zilizobaki ziko juu ya kabati langu, na siku za jua bado zinatoa mlio. Mkiniuliza ni mabati au ni nini, mnajua nitakavyowajibu.